Juu ya Nchi Jirani na Ahadi Zao za Ulinzi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Chama, Daraja Mbili, Arusha.)



 Tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo watu wengi hudhani si la makarani bali ni la wakuu wa nchi na majemadari: yaani, namna nchi jirani ziwezavyo kukaa pasipo kujifunga na jeshi la taifa kubwa lo lote, na namna ziwezavyo kuahidiana msimamo mmoja mbele ya nchi za nje. Sisi twaona kwamba jambo hili ni la makarani pia. Ahadi za namna hii hutiwa sahihi na wakubwa mbele ya watu, lakini hutunzwa au hupotezwa ofisini. Nazo zikivunjika, mtumishi wa ofisi ni miongoni mwa wa kwanza kulipa.

Kwanza na tuelewane juu ya neno lenyewe. Kutofungamana na upande wo wote si kukosa marafiki, wala si kunyamaza. Nchi isiyofungamana yaweza kununua mashine kwa huyu na bunduki kwa yule. Yaweza kupeleka vijana wake kusoma po pote. Yaweza hata kusema waziwazi kwamba fulani amekosa. Lakini haimpi mtu mwingine haki ya kuiamulia ni lini ipigane na ipigane na nani, wala haimpi mgeni kambi katika ardhi yake ili atoke humo kwenda kumpiga mtu wa tatu. Ni kama mwenye nyumba: aweza kukaribisha wageni wa kila namna, lakini ufunguo wa mlango haugawi. Wazee husema, fahali wawili wapiganapo ziumiazo nyasi. Nchi za Asia na Afrika zilipokutana Bandung mwezi wa Aprili 1955, na nchi zisizofungamana zilipokutana Belgrade mwezi wa Septemba 1961, zilikuwa zikitafuta njia ya nyasi kusalimika.

Walakini neno likisemwa peke yake halimlindi mtu. Na tutazame yaliyotupata sisi wenyewe katika Afrika ya Mashariki, tuone ni kitu gani kilichopungua.

Tarehe 5 Juni 1963 viongozi wa Kenya, Uganda na Tanganyika walitangaza Nairobi kwamba nchi zao zitaunda shirikisho moja kabla ya mwaka kwisha. Mwaka ukaisha, shirikisho halikuwapo. Kisha tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai mishahara bora na maofisa Waafrika. Katika siku chache maasi yakatokea Jinja katika Uganda, na Lanet katika Kenya. Kenya ilikuwa na uhuru wa mwezi mmoja na siku kadhaa tu. Serikali zote tatu zikalazimika kumwomba Mwingereza, aliyekuwa bwana wa jana, awape askari wa kurudisha utulivu. Nao wakashuka Dar es Salaam tarehe 25 Januari. Mwalimu Nyerere hakuficha kwamba jambo lile lilikuwa fedheha. Mwezi uliofuata aliwaita wenzake wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakutane Dar es Salaam, na baada ya mashauri kikosi cha Nigeria kikaja kushika zamu ya Waingereza, hata jeshi jipya, Jeshi la Wananchi, likaanzishwa tarehe 1 Septemba 1964.

Angalieni jambo hili, wenzetu. Nchi tatu zilizokuwa zimeahidiana kuwa moja zilipatwa na ugonjwa mmoja katika juma moja, na kila moja ikamwita mganga yule yule kwa barua yake peke yake. Hapakuwa na mtu mwovu katika habari hii. Ila ahadi ya Nairobi ilikuwa tangazo tu. Haikuwa na utaratibu wa kumwambia mwenye shida abishe hodi katika mlango gani wa jirani, wala jirani aitikeje.

Somo la pili ni la bei. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, serikali mpya ilirithi marafiki wawili wasiopatana: Ujerumani ya Magharibi, iliyokuwa ikisaidia Tanganyika na kufundisha marubani wa jeshi, na Ujerumani ya Mashariki, iliyokuwa imetambuliwa na Zanzibar. Ile ya Magharibi haikutaka rafiki yake aitambue ile ya Mashariki. Mwaka 1965, Tanzania ilipokubali konseli ya Ujerumani ya Mashariki ikae Dar es Salaam, Ujerumani ya Magharibi ikaondoa ghafula msaada wake wa kijeshi. Mwalimu akajibu kwamba kama msaada ni kamba ya kumfunga mtu shingo, basi na uliobaki uondoke pia. Baadaye walimu wa jeshi wakaja kutoka Kanada, wakakaa hata mwaka 1970, na wengine wakatoka China. Kutofungamana hakukuwa kukataa mwalimu. Kulikuwa kumkataa mwalimu asemaye, nikikufundisha bunduki, mimi ndimi nitakayekuchagulia adui.

Somo la tatu linauma zaidi, kwa kuwa ndani yake mna jirani. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe. Mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakakutana Addis Ababa mwezi wa Desemba, wakaazimia pamoja kwamba Uingereza isipoyazima maasi hayo kufikia tarehe 15 Desemba, nchi zote wanachama zitavunja uhusiano nayo. Siku ilipofika Tanzania ilivunja, nayo ikakosa mkopo wa pauni milioni saba na nusu uliokuwa umeahidiwa. Lakini nchi zilizotimiza azimio hazikufika hata theluthi moja ya wanachama. Na majirani zetu wawili, Kenya na Uganda, hawakuvunja. Hatusemi haya ili kuwalaumu. Yamkini kila serikali ilipima haja za watu wake. Twasema tu kwamba azimio lilipitishwa na wote na gharama zikalipwa na wachache. Na mambo yakiwa hivyo mara mbili au tatu, hata yule mwenye kulipa huanza kujiuliza kama atalipa tena.

Sasa twaja kwenye mji wetu huu. Tarehe 6 Juni 1967 nchi tatu zilitia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huko Kampala, na tangu tarehe 1 Desemba mwaka ule makao makuu yakawa hapa Arusha. Ulikuwa mkataba wa biashara na huduma: reli, bandari, posta na simu, ndege, kodi, na utafiti. Haukuwa mapatano ya ulinzi, wala ya siasa ya nchi za nje. Labda waliouandika walifikiri kwamba watu wakisafiri kwa reli moja na kutuma barua kwa posta moja, mambo mengine yatajitengeneza.

Hayakujitengeneza. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin aliipindua serikali ya Milton Obote, na Mwalimu akakataa kuketi naye meza moja. Wakuu watatu, ambao kwa mkataba ndio waliokuwa na mamlaka ya juu, hawakukutana tena. Mwezi wa Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliingia Uganda kutoka upande wa Tanzania, wakashindwa, na ikahitajiwa Somalia kuwapatanisha majirani wawili kwa mapatano ya Mogadishu, kwamba kila upande uondoe askari wake kilomita kumi kutoka mpakani. Sababu nyingine zilikuwapo pia: faida ya biashara haikugawanyika sawasawa, Kenya na Tanzania zilifuata njia mbalimbali za uchumi, na mashirika yalizuiliana fedha. Yote yakajumlika. Mwaka 1977 Jumuiya ikafa. Mpaka wa Namanga, ambao basi litokalo hapa hufika kwa safari ya saa mbili tu, ulifungwa mwezi wa Februari mwaka ule, na haukufunguliwa hata mwezi wa Novemba 1983.

Ni nani waliolipa, wenzetu? Wakuu walibaki katika viti vyao. Waliolipa ni karani wa reli, fundi wa simu, mpiga chapa, mhasibu wa bandari na tarishi. Watu walioamka asubuhi wakakuta mwajiri wao hayupo tena duniani. Wengine walikuwa upande wa pili wa mpaka uliofungwa, na vitu vyao huku. Mapatano ya kugawanya mali na madeni ya Jumuiya yalitiwa sahihi hapa Arusha tarehe 14 Mei 1984, yaani miaka saba baadaye. Na hata baada ya hapo wastaafu wa Jumuiya ile waliendelea kwa miaka mingi kudai haki zao katika ofisi na katika mahakama, wazee wenye fimbo na bahasha za karatasi za kale chini ya kwapa. Na wengi wao walikufa wakingoja. Katika mitaa ya Arusha hakuna haja ya kueleza habari hiyo. Wako kati yetu waliobeba bahasha hizo kwa niaba ya baba zao.

Na bado deni halikwisha. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka yakaingia Kagera, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba nchi yote mpaka mtoni ni mali ya Uganda. Vita vile vilifika Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Amin alipata askari kutoka Libya. Tanzania ikapigana kwa fedha yake, na uchumi wetu ukabeba jeraha hilo muda mrefu. Hapo ndipo ilipoonekana wazi ya kwamba kutofungamana kwa nchi moja hakutoshi. Waweza kukataa kambi ya mgeni katika ardhi yako; lakini jirani yako akimwita mgeni aje ampiganie, mgeni huyo atakuwa mpakani kwako kesho. Mwenzio akinyolewa, zako tia maji.

Basi Mwalimu alikwisha kustaafu, na kizazi kingine kikafika, nacho hakikusahau yote. Tarehe 30 Novemba 1999 Marais Mkapa, Moi na Museveni walitia sahihi hapa Arusha mkataba wa Jumuiya mpya, ulioanza kazi tarehe 7 Julai 2000. Safari hii pengo lilizibwa katika maandishi. Ibara ya 123 yasema nchi wanachama zitakuwa na siasa ya pamoja ya nchi za nje na ya usalama, zikishauriana kwa utaratibu na kutetea kwa sauti moja misimamo waliyokubaliana katika mikutano ya mataifa. Ibara ya 124 ni ya amani na usalama. Ya 125 ni ya ushirikiano wa ulinzi. Baadaye zikaja itifaki: ya kuratibu siasa ya nchi za nje mwaka 2010, ya ulinzi mwaka 2012, ya amani na usalama mwaka 2013. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan ya Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024. Nchi nane, kutoka Bahari ya Hindi hata Bahari ya Atlantiki. Kila asubuhi twapita mbele ya bendera zao tukienda kazini.

Je, maandishi yamekuwa matendo? Tuwape mifano mitatu, nanyi mpime.

Mfano wa kwanza. Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura juu ya Urusi kuivamia Ukraine. Nchi 141 ziliunga mkono azimio la kulaani, 5 zikapinga, 35 hazikuegemea po pote. Jumuiya yetu siku ile ilikuwa na nchi sita. Kenya na Rwanda ziliunga mkono. Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan ya Kusini hazikuegemea. Kila moja ilikuwa na sababu zake, na zote za heshima. Aliyeunga mkono aliweza kusema kwamba mpaka wa nchi ndogo hauvunjwi na nchi kubwa, na sisi wa Kagera twalijua hilo. Aliyejizuia aliweza kusema kwamba hataki kuingia katika ugomvi wa fahali. Wala hakuna aliyevunja Ibara ya 123, maana huwezi kutetea msimamo ambao hamkukubaliana. Neno letu ni hilo hilo: sauti moja iliyoandikwa mwaka 1999 haikusikika siku ile.

Mfano wa pili. Mwezi wa Januari 2024 Kampala ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa wakuu wa Nchi Zisizofungamana, na Uganda ikapokea uenyekiti wao. Mwezi wa Juni mwaka ule ule Marekani iliipa Kenya daraja la mshirika wake mkubwa wa kijeshi aliye nje ya NATO. Kusema kweli, daraja hilo haliifungi Kenya kupigana vita vya Marekani. Nayo Kenya imeonja damu katika Westgate mwaka 2013 na Garissa mwaka 2015, wala si haki mtu aliyelala salama kumcheka jirani aliyetafuta mlinzi. Lakini tangu zamani askari wa Uingereza hufanya mazoezi Nanyuki, na Wamarekani wamekuwa na kambi Manda, karibu na Lamu. Na kambi hiyo ilishambuliwa tarehe 5 Januari 2020, wakafa Wamarekani watatu. Kambi ya mgeni huleta adui wa mgeni. Yeye huja kwa hesabu zake, bila kuuliza majirani wa mwenye nyumba wamesema nini.

Mfano wa tatu ni Kongo, nao ndio mzito kuliko yote. Mwezi wa Novemba 2022 askari wa Kenya walifika Goma wakiwa sehemu ya jeshi la Jumuiya yetu, na baada yao wakaja wa Burundi, Uganda na Sudan ya Kusini. Serikali ya Kongo ilitaka wawapige waasi wa M23. Wao walijiona wamekuja kusimamia usimamishaji wa mapigano. Hivyo kazi ikapungukiwa na maana iliyokubaliwa na wote, na mwezi wa Desemba 2023 Kongo haikuongeza muda, wakaondoka. Mwezi huo huo kikosi cha SADC kikaingia mahali pao: askari wa Afrika ya Kusini, Malawi, na Tanzania. Nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya na wa SADC pia. Askari wa Burundi nao walikuwa upande wa serikali ya Kongo, ilhali wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba askari wa Rwanda walikuwa pamoja na M23, jambo ambalo Rwanda imelikana. Mwisho wa Januari 2025 Goma ikaanguka, na wapo askari wa SADC waliokufa. Tarehe 8 Februari wakuu wa jumuiya hizo mbili wakakutana pamoja Dar es Salaam, na mwezi wa Machi SADC ikakifunga kikosi chake.

Tazameni basi. Hapakuwa na fahali wa nje katika uwanja ule. Nchi zilizo ndani ya mkataba mmoja, uliotiwa sahihi hapa penye mlima Meru, zilikuwa na askari katika pande mbalimbali za vita vimoja. Tumezoea kuogopa kufungwa na mataifa makubwa. Lakini mtu aweza kujifunga pia kwa ahadi mbili zisizojuana. Njia mbili zilimshinda fisi. Mtaa wetu waitwa Daraja Mbili, nasi hatuoni ubaya kuwa na madaraja mawili. Ubaya ni mtu mmoja kutaka kuvuka yote mawili kwa wakati mmoja.

Mwanachama mmoja aliyesoma maneno haya kabla ya leo alituuliza swali la haki. Alisema: Nchi za Mstari wa Mbele, yaani Tanzania, Zambia, Botswana, Msumbiji na Angola, hazikuwa na itifaki wala makao makuu, na hata hivyo zilishikamana juu ya Rhodesia mpaka uhuru wa Zimbabwe ukapatikana mwaka 1980. Kwa nini mwaabudu karatasi? Swali hilo ni jema. Twajibu kwamba nchi zile zilikuwa na kusudi moja lililo wazi kama jua, na wakuu wao walikutana mara kwa mara uso kwa uso. Angola ilikuwa na askari wa Kuba, wala halikuwa jambo la siri kwa majirani. Ndiyo kusema, kilichowashika si kukosa karatasi, bali ni kuambiana. Lakini makusudi yaliyo wazi namna ile ni machache, na wakuu hubadilika. Karatasi ni njia ya kuambiana wakati wakuu waliopendana hawapo tena. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na amani ni mali.

Kwa hiyo twaona mambo matatu ambayo nchi jirani, zikiwa hazitaki kufungamana na upande wo wote, hazina budi kuahidiana na kuyatimiza.

La kwanza ni taarifa. Nchi yo yote isitie sahihi mapatano ya kijeshi na taifa la nje kabla jirani zake hawajaarifiwa kwa maandishi. Hatusemi waombwe ruhusa, maana kila nchi ni huru, twasema waarifiwe. Mtu akijenga ukuta mpakani mwa shamba humwambia jirani, si kwa sababu jirani ni bwana wake, bali ili jirani asiamke usiku akadhani ni vita.

La pili ni ardhi. Kila nchi iahidi kwamba kambi ya mgeni iliyo kwake, na kikundi cha wakimbizi wenye silaha kilicho kwake, hakitatumiwa kumpiga jirani. Tanzania nayo isijitoe katika neno hilo, kwa kuwa habari ya Septemba 1972 yatuhusu sisi.

La tatu ni amri moja. Mahali ambapo Jumuiya imepeleka askari, au SADC imepeleka, wakuu wa pande zote mbili wakutane kabla ya kupeleka, wala si baada ya maziko. Mkutano wa Februari 2025 ulikuwa mzuri; ungalikuwa mzuri zaidi kama ungalifanyika mwaka 2022.

Mtasema, haya ni ya wakuu. Karani atafanya nini? Twajua mipaka yetu. Mtumishi wa serikali hatungi siasa ya nchi, wala hasemi barazani yaliyo katika jalada la siri. Lakini fikirini barua ya jirani ikija katika masjala. Karani mmoja aifungulia jalada siku ile ile, aandika namba, aipeleka kwa mkubwa wake, na juma likipita pasipo jibu amkumbusha kwa adabu. Karani mwingine aiweka chini ya nyingine mpaka mkutano unapita. Wote wawili hawakutunga siasa; lakini mmoja ametimiza Ibara ya 123, na mwingine ameivunja. Vivyo hivyo yule anayeandika muhtasari wa mkutano: akiandika kwamba wajumbe walikubaliana, ilhali alisikia kwamba hawakuelewana juu ya kazi ya askari, ameandika neno la kupendeza leo ambalo mtoto wa mtu atalilipia msituni kesho. Karani mwaminifu huandika mahali walipotofautiana, ili wakubwa warudi mezani kungali mapema.

Tena kuna jambo lililo letu kabisa. Jumuiya ya kwanza ilipokufa, watumishi wa Nairobi, Kampala na Arusha walikuwa hawana njia ya kusemezana wao kwa wao. Kila mmoja alidai peke yake kwa serikali yake, kama vile serikali zilivyomwita Mwingereza kila moja kwa barua yake mwaka 1964. Twapendekeza, Bwana Mwenyekiti, kwamba Chama chetu kiandikie vyama vya watumishi wenzetu wa nchi jirani, tubadilishane magazeti yetu haya madogo, tujuane majina na anwani za ofisi, na kila mwaka tusomeane hotuba moja juu ya Mkataba na yaliyotimizwa ndani yake. Gharama yake ni stempu na karatasi. Hatutazuia vita kwa stempu. Lakini watu waliozoea kuandikiana hawapotezani upesi, na serikali zikianza kununiana tutakuwa na mahali pa kuulizana kuna nini kabla mpaka haujafungwa.

Tumesema mengi, nanyi mmechoka. Twamalizia hapa tulipoanzia. Wale wazee wenye bahasha hawakushindwa kazi yao. Treni zao zilifika na barua zao zilifika. Kilichoshindwa ni neno ambalo hawakupewa kulitunza. Sisi tumepewa. Limo katika majalada tutakayoyafungua kesho saa moja na nusu asubuhi. Ahadi ni deni, na deni huandikwa daftarini.